Asilimia Mia Inayoficha Kilichopotea: Usahihi wa Mbinu za Alama Ing'aayo katika Kupima Sukari za Glikoprotini, na Deni la Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Dawa nyingi za kibiolojia zinazosajiliwa Afrika Mashariki ni glikoprotini, yaani protini zilizoshikamana na minyororo ya sukari. Minyororo hiyo huathiri nguvu ya dawa na muda inaodumu mwilini. Njia iliyoenea ya kuipima ni kuikata kutoka kwenye protini, kuitia alama ya kemikali inayong'aa, kisha kusoma mng'ao wake. Makala haya yanaeleza mbinu hiyo inavyofanya kazi, mahali inapoweza kukosea, na sababu ya matokeo yanayojirudia vizuri kuweza kuwa mbali na ukweli. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili cha kiutawala hulibebesha neno usahihi dhana mbili tofauti, na kwamba mkanganyiko huo unaweza kumfanya mshauri wa sera aipokee takwimu ambayo haijathibitishwa. Makala yanapendekeza istilahi usahihi na ukaribiano zitenganishwe, na yanahitimisha kwa maswali matano ya kuuliza mbele ya jalada la maombi ya dawa.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya aliombwa kuandaa muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya kikao cha washauri wa sera kilichofanyika Nyarutarama, Kigali. Waraka wa chanzo, ulioandikwa kwa Kiingereza, ulikuwa na jedwali la uthibitishaji wa mbinu ya kupima sukari za kingamwili. Safu moja ilionyesha jinsi matokeo ya marudio yalivyokaribiana yenyewe kwa yenyewe. Safu ya pili, iliyopaswa kuonyesha jinsi matokeo hayo yalivyoikaribia thamani halisi, ilikuwa na maneno machache tu bila tarakimu. Mwandishi alitafsiri vichwa vya safu zote mbili kwa neno moja: usahihi. Kikaoni, mshiriki mmoja alisoma tarakimu za safu ya kwanza na kuhitimisha kwamba mbinu ilikuwa sahihi. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa maandishi yaliyokuwa mbele yao yalisema hivyo. Kosa lilikuwa la mfasiri, na makala haya ni sehemu ya kulipa deni hilo.

Mahali penyewe pana uzito wake. Nyaraka za Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, zimekuwa zikibeba anwani ya Nyarutarama Plaza, barabara ya KG 9. Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Mamlaka hiyo imefikia kiwango cha tatu kati ya viwango vinne vya ukomavu wa udhibiti wa dawa. Kabla ya hapo, Julai 2022, Umoja wa Afrika uliichagua Rwanda kuwa mwenyeji wa Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021. Wakati huohuo Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Mambo haya mawili, udhibiti wa dawa na hadhi ya Kiswahili, yamekutana katika mji mmoja. Tusipoandaa lugha ya kuyaunganisha, maamuzi yatafanywa kwa maneno yasiyobeba kile yanachodaiwa kubeba.

2.0 Kwa nini sukari chache zina uzito mkubwa

Glikoprotini hutengenezwa na seli hai. Seli huunda protini kwa kufuata maelekezo ya jeni, lakini minyororo ya sukari haiandikwi moja kwa moja katika jeni la protini hiyo. Hujengwa na vimeng'enya mbalimbali kulingana na aina ya seli, chakula chake, joto na mazingira ya kukuzia. Kwa sababu hiyo viwanda viwili vinaweza kutoa protini ileile yenye sukari tofauti, na hata kiwanda kimoja kinaweza kutoa toleo la mwaka huu lisilolingana kabisa na la mwaka jana.

Mfano wa kwanza ni eritropoietini, dawa wanayopewa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Ina amino asidi 165 na minyororo minne ya sukari, na minyororo hiyo hufanya takriban asilimia 40 ya uzito wake. Ncha za minyororo hufunikwa na asidi ya sialiki. Ncha hizo zikiwa wazi, vipokezi vya ini huitambua dawa na kuiondoa upesi kwenye damu. Katika chupa ya maabara, eritropoietini iliyovuliwa asidi ya sialiki hushikamana na kipokezi chake vizuri zaidi, lakini ndani ya mwili hupoteza karibu nguvu yake yote. Anayetazama protini peke yake hawezi kuliona tatizo hilo.

Mfano wa pili ni kingamwili za tiba. Molekuli ya kingamwili ya aina ya IgG ina uzito wa takriban daltoni 150,000, na sukari ni kama asilimia 2 hadi 3 tu ya uzito huo. Sukari hizo hukaa katika nafasi ya 297 ya kila mnyororo mzito wa protini. Udogo wa kiasi chake usitupotoshe. Mnyororo wa sukari usipokuwa na fukosi kwenye shina lake, kingamwili hushikwa kwa nguvu zaidi na kipokezi cha seli za kinga, na uwezo wa seli hizo kuua seli za saratani huongezeka. Minyororo yenye manosi nyingi nayo huweza kufanya dawa iondoke mwilini haraka zaidi.

Trastuzumabu, dawa ya aina mojawapo ya saratani ya matiti, inaonyesha jambo hili vizuri. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaidhinisha kwa mara ya kwanza dawa fanani ya trastuzumabu kupitia mpango wake wa uhakiki wa awali. Dawa fanani ni ile iliyotengenezwa na kiwanda kingine ili ilingane na dawa asilia, kwa kawaida kwa bei nafuu. Kwa nchi yenye kituo cha saratani kama kile cha Butaro, wilayani Burera, kilichofunguliwa mwaka 2012, unafuu huo ni suala la uhai. Lakini ulinganifu lazima upimwe. Mwaka 2017 watafiti waliochunguza matoleo 154 ya Herceptin, dawa asilia yenyewe, yaliyonunuliwa Ulaya na Marekani walionyesha kwamba baadhi ya matoleo yalikuwa na upungufu wa minyororo isiyo na fukosi, pamoja na upungufu wa uwezo wa kuchochea seli za kinga. Minyororo hiyo huwa asilimia chache tu ya minyororo yote. Mbinu ya upimaji inayokosea kwa asilimia chache, basi, inaweza kukosea mahali hasa panapoamua.

3.0 Namna mbinu ya alama ing'aayo inavyofanya kazi

Sukari hazina rangi, hazinyonyi vizuri mwanga unaotumiwa na vipimaji vya kawaida, wala hazing'ai zenyewe. Suluhisho ni kuzitia kitu kinachong'aa. Kazi hufuata hatua tano.

Kwanza, minyororo hukatwa kutoka kwenye protini. Kwa minyororo iliyoshikamana na amino asidi iitwayo asparajini, kimeng'enya kinachotumiwa zaidi ni PNGase F. Pili, kila mnyororo hutiwa alama. Alama iliyotumika kwa miaka mingi ni 2-aminobenzamidi, inayofupishwa 2-AB, ambayo matumizi yake katika kazi hii yalielezwa mwaka 1995. Hushikamana na mwisho mmoja wa mnyororo, ule uliokuwa umeungana na protini, kisha kemikali nyingine hulikaza ungo hilo lisiachie. Mchanganyiko huwekwa kwenye joto la nyuzi 65 za Selsiasi kwa saa mbili hadi tatu. Tatu, alama iliyozidi husafishwa. Nne, minyororo hupitishwa katika mrija mwembamba uliojaa chembe zinazovuta maji. Ile midogo hutangulia na mikubwa huchelewa. Tano, kila kundi linapotoka humulikwa kwa mwanga wa mawimbi ya karibu nanomita 330, nalo hurudisha mng'ao wa karibu nanomita 420. Mashine huchora kilele, na eneo lililo chini ya kilele huchukuliwa kuwa kipimo cha wingi.

Uzuri wa mbinu hii uko katika hatua ya pili. Kila mnyororo una mwisho mmoja tu wa aina hiyo, kwa hiyo hubeba alama moja tu, uwe mfupi au mrefu. Mng'ao huhesabu minyororo bila kujali ukubwa wake. Ni kama kuhesabu watu ukumbini kwa kofia walizovaa: mnene na mwembamba kila mmoja ana kofia moja. Ili kuitambua minyororo, maabara hulinganisha muda wake wa kutoka na ngazi ya minyororo ya glukosi ya urefu unaojulikana, na kuutaja muda huo kwa vizio vya glukosi. Njia hii huwezesha maabara mbili zenye mashine tofauti kulinganisha matokeo.

Alama nyingine zimefuata. Prokainamidi hung'aa zaidi na hurahisisha upimaji wa tungamo baada ya mng'ao kusomwa. RapiFluor-MS, iliyoingia sokoni mwaka 2015, hufupisha kazi ya siku nzima hadi muda mfupi, kwa sababu huunasa mnyororo mara tu unapokatwa, kabla haujabadilika kikemikali. Kasi hiyo ina sharti lake: ikicheleweshwa, sehemu ya minyororo huwa imekwisha kubadilika na haipokei alama.

4.0 Mahali ambapo usahihi hupotea

Kila hatua kati ya hizo tano inaweza kuchuja minyororo kwa upendeleo. Katika kukata, protini isipokunjuliwa vya kutosha kimeng'enya hakifikii baadhi ya maeneo. Tena PNGase F haikati minyororo yenye fukosi iliyoungana na shina kwa namna inayopatikana katika mimea na wadudu. Anayepima dawa iliyotengenezwa katika mmea kwa kimeng'enya hicho anaweza kuripoti kwamba minyororo hiyo haipo, kumbe haikukatwa. Katika kutia alama, joto na asidi vinaweza kudondosha sehemu ya asidi ya sialiki, hasa masharti ya kazi yasipozingatiwa. Katika kusafisha, minyororo midogo sana au yenye chaji inaweza kuondoka pamoja na uchafu. Katika kutenganisha, miundo miwili inaweza kutoka kwa pamoja ikahesabiwa kuwa mmoja.

Kosa la utambuzi lina sura yake. Miundo miwili inaweza kuwa na tungamo ileile na bado ikatofautiana katika namna sukari zake zilivyoungana. Mwaka 2008 ilithibitishwa kwamba baadhi ya wagonjwa nchini Marekani waliopata mzio mkali kutokana na dawa ya saratani setuksimabu walikuwa na kingamwili dhidi ya sukari mbili za galaktosi zilizounganishwa kwa mpangilio ambao mwili wa binadamu hauutengenezi. Jina la sukari lilikuwa lilelile, galaktosi. Hatari ilikuwa katika ungo. Kilele kinachong'aa hakisemi ungo ni wa aina gani. Kinahitaji ushahidi wa pili, kama vile vimeng'enya vinavyokata ungo wa aina moja tu.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika hesabu ya mwisho. Matokeo mengi hutolewa kwa asilimia: eneo la kila kilele hugawanywa kwa jumla ya vilele vyote. Tuchukue mfano wa kubuni. Sampuli ina minyororo 1,000: 900 isiyo na asidi ya sialiki na 100 yenye asidi hiyo. Tuseme hatua zote za awali zinafikisha kwenye kipimaji asilimia 95 ya aina ya kwanza na asilimia 60 tu ya aina ya pili. Kipimaji kitaona minyororo 855 na 60, jumla 915. Ripoti itaandika kwamba aina ya pili ni asilimia 6.6, ilhali ukweli ni asilimia 10. Minyororo 85 imepotea, lakini hakuna mahali katika ripoti panapoonyesha upungufu, kwa kuwa iliyobaki imegawanywa upya hadi ikatimia mia moja. Mtaalamu akirudia kazi hiyo mara sita kwa uangalifu, atapata 6.5, 6.6, 6.7 na tarakimu za jirani. Marudio yatapendeza, na yote yatakuwa na kosa lilelile.

Haki itendeke kwa mbinu hii. Pale ambapo dawa asilia na dawa fanani zinapimwa bega kwa bega, katika maabara moja, siku moja, kwa utaratibu mmoja, kosa la upande mmoja huzigusa zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, na tofauti kati yao bado hufundisha jambo. Kosa huwa hatari pale takwimu ya maabara moja inapolinganishwa na ya maabara nyingine, na thamani iliyochapishwa miaka mingi nyuma, au na kikomo kilichowekwa kwa mbinu tofauti. Majalada ya maombi huwa na milinganisho ya aina hizo zote.

5.0 Somo la maabara sabini na sita

Ushahidi mpana kuhusu hali hii ulichapishwa mwaka 2020 na Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST. Taasisi hiyo iligawa sampuli za kingamwili yake rejea, NISTmAb, na kuziacha maabara zichague mbinu zao zenyewe. Maabara 76 zilituma ripoti 103. Idadi ya miundo ya sukari iliyotambuliwa na kila maabara ilianzia 4 hadi 48. Kwa jumla iliripotiwa miundo 116, na kati ya hiyo ni 57 tu iliyoweza kupewa thamani ya makubaliano. Tukumbuke kwamba wote walikuwa wakipima kitu kilekile.

Mambo mawili katika utafiti huo yanamhusu msomaji wa makala haya. La kwanza ni kwamba kukaribia thamani ya makubaliano hakukutegemea aina ya mbinu wala aina ya maabara. Haitoshi, kwa hiyo, jalada kutaja mbinu yenye sifa nzuri. Linapaswa kuonyesha jinsi mbinu hiyo ilivyofanya kazi mikononi mwa waliolitayarisha. La pili ni kwamba maabara zilizoshiriki zilitoka Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Asia na Australia. Afrika haimo katika orodha hiyo. Thamani za makubaliano ambazo wadhibiti wetu watazitumia kama kigezo zimepatikana bila kipimo hata kimoja kutoka katika bara hili. Kufunga pengo hilo kunahitaji vifaa na wataalamu, lakini kunahitaji pia watunga sera wanaoelewa kwa nini sampuli rejea ni bidhaa ya kununuliwa na kutumiwa kila mwaka.

6.0 Neno moja, dhana mbili

Sasa turudi kwenye safu mbili za jedwali. Mizani ya duka iliyonaswa na kijiwe chini ya sahani itampa mteja uzito uleule kila mara. Majibu yake yanakaribiana, hayana ukweli. Mizani nyingine inaweza kuyumba juu na chini ya uzito halisi, wastani wake ukawa wa kweli ilhali kila jibu peke yake haliaminiki. Sayansi ya upimaji ina jina kwa kila hali. Kiwango cha kimataifa ISO 5725 cha mwaka 1994 kinazitenganisha waziwazi, na mwongozo wa kimataifa wa uthibitishaji wa mbinu za kuchanganua dawa, Q2, ambao toleo lake lililorekebishwa lilipitishwa Novemba 2023, unataka kila moja ionyeshwe kwa ushahidi wake.

Kiswahili cha nyaraka za sera hakijatenganisha vya kutosha. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilifanya kazi kubwa, lakini ilitoka miaka mitano kabla ya alama ya 2-AB kuelezwa, na fani ya udhibiti wa dawa za kibiolojia ilikuwa bado changa. Kilichobaki mikononi mwa mfasiri ni neno sahihi, lenye asili ya Kiarabu, ambalo katika Kiswahili lina maana ya kitu kisicho na kosa na pia maana ya jina ambalo mtu huliandika chini ya waraka ili kuukubali. Maana hizo mbili hukutana vibaya mezani pa mdhibiti: sahihi ya ofisa haiifanyi tarakimu kuwa sahihi.

Kwa dhana ya matokeo kukaribiana yenyewe kwa yenyewe, wafasiri wamejaribu maneno kadhaa. Umakini ni sifa ya mtu anayepima, haiwezi kuwa sifa ya tarakimu. Uthabiti tayari una kazi katika famasia, ambako hutaja uwezo wa dawa kutoharibika ghalani. Kulipa neno hilo kazi ya pili ni kuhamisha mkanganyiko kutoka safu moja kwenda nyingine. Makala haya yanapendekeza ukaribiano. Limetokana na kitenzi karibiana, ambacho kiambishi chake cha kutendana kinaeleza dhana yenyewe: matokeo yanakaribiana baina yao, bila kudai kwamba yameukaribia ukweli. Neno usahihi libaki kwa ukaribu wa matokeo na thamani halisi pekee.

Uchaguzi wa neno alama nao una sababu. Lebo ni neno linaloeleweka na wengi, lakini katika udhibiti wa dawa lebo ni maandishi yaliyo juu ya pakiti. Msomaji wa jalada akikuta usahihi wa lebo atafikiria jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kutia alama, kama mfugaji anavyotia alama ng'ombe wake apate kumtambua kundini, hakuna utata huo.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Mbinu za alama ing'aayo ni chombo kizuri, kilichopimwa kwa miongo mitatu, na hakuna sababu ya kukihofia. Kinachohitaji tahadhari ni kuusoma ukaribiano kana kwamba ni usahihi. Mshauri wa sera hahitaji kuwa mkemia ili alione kosa hilo. Anaweza kuuliza maswali matano. Je, kiasi kinachojulikana cha mnyororo kiliongezwa katika sampuli, na ni sehemu gani yake iliyorudi kwenye kipimaji? Je, sampuli rejea ilipimwa kwa utaratibu uleule, na matokeo yake yakoje? Je, mbinu ya pili isiyotegemea alama, kama vile upimaji wa tungamo wa protini nzima au wa vipande vyake, imetoa picha inayolingana? Je, asidi ya sialiki ilichunguzwa peke yake ili kujua kama ilidondoka njiani? Na je, dawa mbili zinazolinganishwa zilipimwa bega kwa bega, au tarakimu za moja zimetolewa mahali pengine?

Kwa upande wa lugha, inapendekezwa kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ikae pamoja na mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuoanisha udhibiti wa dawa, uliozinduliwa Arusha mwaka 2012, na kusanifisha kwanza istilahi chache za uthibitishaji wa mbinu, kabla ya kufikia majina ya kemikali. Majina ya kemikali yanaweza kukopwa bila madhara makubwa. Usahihi na ukaribiano ni maneno ya kuamulia, na anayeamua juu ya dawa ya mgonjwa anastahili kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililoandikwa mbele yake. Muhtasari uliotajwa mwanzoni mwa makala haya umesahihishwa: safu ya kwanza sasa inaitwa ukaribiano, na safu ya pili, yenye kichwa usahihi, inaonekana wazi kwamba haina tarakimu.